MAJASUSI, MAJINI NA MAPENZI: Kwa Nini Willy Gamba Hakuwahi Kupaa?

Leo naweka pembeni kidogo zile za "msanii fulani kaonekana na mke wa tajiri fulani". Zitarudi wikiendi, msiwe na presha. Leo tupige stori ya historia, na naomba uisome mpaka mwisho kwa sababu imeanzia kwenye kosa langu mwenyewe.

Wengi mnakumbuka msimu wa korosho uliopita nilikuwa naangusha simulizi kwa vipande, kila Ijumaa usiku. Dada mmoja jasusi, mtoto wa Msimbati. Akitumbukiza mikono baharini anasikia maneno yote yanayosemwa kwenye boti yoyote kuanzia Mnazi Bay mpaka Ruvuma inapomwaga maji yake. Anatumwa kumfuatilia kijana wa upande wa pili, Msumbiji, na huyo kijana naye ana yake: akikugusa begani unasahau saa nzima iliyopita. Basi wakapendana. Shida ni kwamba kila wakiagana, kijana inabidi amguse bega, na dada anaamka asubuhi hajui kama ana mpenzi. Mliipenda sana, na mimi nikavimba kichwa.

Kipande cha tano ndo nilipochemka. Nilikuwa nahitaji adui. Nikamweka bibi mmoja anayeuza mihogo, anaishi peke yake, anachechemea mguu, na usiku anatengeneza simba anawatuma wavuke mto. Jina sikutaja. Mtaa sikutaja. Nikajiona nimekuwa makini kama kawaida yetu humu, "mtu fulani" wa "mtaa fulani". Saa mbili hazijaisha komenti zikaanza. Wa kwanza: "huyo mbona tunamjua." Wa pili: "kumbe ndo maana." Wa tatu akataja mtaa kabisa.

Ukweli wenyewe ni huu: yule bibi nilimwibia mguu, sufuria na kigoda kutoka kwa mtu wa kweli ambaye napita mbele yake kila asubuhi. Sikuwa na nia mbaya, nilikuwa mvivu tu wa kubuni. Lakini wiki iliyofuata niliona mihogo yake inapoa mpaka adhuhuri, na watoto wa shule wanavuka barabara ili wasipite alipokaa.

Nikafuta kipande. Nikafuta na komenti. Lakini picha za skrini mnazijua wenyewe, zilishatembea.

Mama yangu, ambaye huwa hasomi ninachoandika, aliniuliza swali moja tu: "Kwani hao wa zamani walioandika vitabu vya upelelezi, hawakuwa na bibi mtaani kwao?" Sikuwa na jibu. Nikaanza kutafuta. Hiki hapa ndo nilichokikuta.

RAFU MBILI ZISIZOSALIMIANA

Ukisoma simulizi za siku hizi za kwenye simu, na hata zile za wenzetu Ulaya na Marekani, mapishi ni yale yale. Chukua jasusi. Mpe uwezo wa ajabu, asome mawazo, apite ukutani, ageuke mbwa mwitu. Halafu mpe mtu wa kumpenda ambaye hakutakiwa kumpenda. Imeisha hiyo, watu hawalali.

Sasa nenda kwenye vitabu vyetu. Majasusi tunao na wapelelezi tunao, tena wa kiwango. Majini tunayo. Mapenzi ndo usiseme. Lakini jasusi wetu na jini wetu wamewekwa rafu tofauti, na kwa miaka mingi hawasalimiani.

Anza na Bwana Msa. Huyu ni mpelelezi aliyebuniwa na Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar. Kitabu chake cha kwanza, Mzimu wa Watu wa Kale, kilishinda mashindano ya uandishi wa hadithi za Kiswahili ya mwaka 1957 na 1958, kikachapishwa 1960. Kwa jina hilo na wewe ungesema kimejaa mizimu. Mwenye mali, Bwana Ali, anakutwa amekufa pale kwenye mzimu wa wazee, na watu tayari wana majibu yao kichwani: si wamemkuta kwenye mzimu? Bwana Msa anawasha kiko chake, anauliza maswali, anapima muda, anatafuta nani alikuwa wapi. Anautazama mzimu kama mahali, na mauaji kama kazi ya mtu. Mwaka 1968 Abdulla akaja na Kisima cha Giningi. Kwa wenzetu wa visiwani, Giningi ni jina zito, ndo makutano ya wachawi kwenye masimulizi. Na huko nako Bwana Msa akaingia na kiko chake na akili zake.

Halafu akaja mwamba mwenyewe, Willy Gamba. Elvis Musiba alimleta mwaka 1974 kwenye Kufa na Kupona. Nyaraka za siri za wapigania uhuru zimeibiwa Dar es Salaam, Willy anatumwa Nairobi kuzirudisha. Mwaka 1979 kikafuata Kikosi cha Kisasi, safari hii moto unawaka Kinshasa. Willy anavaa vizuri, anapiga watu, anapendwa na warembo, yaani kila kitu anacho. Ungo hana. Hirizi hana. Hakuwahi kupaa hata mara moja. Akifungwa kamba, anafungua kwa vidole.

Na Ben Mtobwa, kijana wa Kigoma, akatupa Joram Kiango. Joram hana bosi, anajitegemea, na pembeni yake yupo Nuru, mrembo ambaye sura yake ni silaha na akili yake ni silaha kubwa zaidi. Mtobwa alikuwa fundi wa majina ya vitabu. Salamu Toka Kuzimu. Malaika wa Shetani. Roho ya Paka. Ukisikia hivyo unatafuta pa kujificha. Lakini Joram kazi yake ni kuwinda watu wenye damu na mifupa kama mimi na wewe.

Mtobwa alifariki 2008, Musiba akafuata 2010. Wote wawili waliishi nchi ambayo majirani zao wengi waliamini uchawi upo. Wote wawili walijua kuwa wasomaji wangefurahi sana Willy akigeuka paka. Hawakufanya hivyo. Kwa nini?

Nina mawazo yangu. Ila kwanza turudi nyuma kabisa, maana huku kwetu kusini majasusi wenye uwezo wa ajabu walishatembea kwa miguu yao, na hiyo haikuwa simulizi.

1905: WAJUMBE WA MAJI

Shuleni tulifundishwa Majimaji kama orodha ya sababu na matokeo. Sababu ya kwanza kodi, ya pili kilimo cha pamba cha lazima, andika, kariri, mtihani. Hawakutuambia kwamba ile ilikuwa operesheni ya siri.

Ngarambe, karibu na milima ya Wamatumbi, aliishi mtu aitwaye Kinjikitile Ngwale. Wazee waliosimulia walisema mwaka 1904 alishikwa na roho, akavutwa ndani ya kidimbwi cha mto, ndugu zake wakamtafuta bila kumwona. Kesho yake akatoka akiwa mkavu, nguo hazijalowa. Baada ya hapo watu wakaanza kwenda kwake kuchukua dawa, maji ambayo yangefanya risasi za Mjerumani zigeuke maji.

Sasa sikiliza hapa mdau, hapa ndo patamu. Habari ilienezwaje? Hakuna simu, hakuna redio, na Mjerumani ana maakida na askari kila kona. Ilienezwa kwa mnong'ono. Wamatumbi walikuwa na neno lake, njwiywila. Mtu anamwambia mtu mmoja anayemwamini, kwa masharti kwamba ni siri, na yule naye anamwambia mmoja anayemwamini. Kijiji kwa kijiji, kimya kimya, mpaka kaya nyingi zinajua na Mjerumani hajui kinachoendelea. Halafu wakatoka wajumbe walioitwa hongo, wakibeba maji kwenda makabila mengine. Hawa ndo mawakala wa siri wa kwanza wa kusini ninaowafahamu. Wana ujumbe wa siri, wana masharti, wana uwezo wa ajabu mfukoni.

Mwishoni mwa Julai 1905 kule Nandete watu waling'oa pamba, vita ikaanza. Kinjikitile alinyongwa tarehe 4 Agosti pale Mohoro, vita ikiwa na siku chache tu. Lakini njwiywila hainyongwi. Ndani ya Agosti hiyo hiyo moto ukashuka huku kwetu, wamisionari wa Masasi wakakimbilia pwani, misheni ya Nyangao ikachomwa. Upande wa magharibi ukaingia Ungoni.

Na kwenye mapishi yetu kuna kipengele cha mapenzi, siyo? Kilikuwepo. Maji yalikuja na miiko, na mmoja wao ulikuwa kwamba mpiganaji asilale na mwanamke. Akivunja mwiko, dawa inakufa. Leo waandishi wa Marekani wanauza vitabu kwa wazo hilo hilo, kwamba mwenye nguvu akipenda, nguvu zinaondoka. Mwaka 1905 hilo lilikuwa sharti la kufa na kupona kwa mume wa mtu, na mke anabaki nyumbani akijua kwamba akirudi maiti, wapo watakaouliza ule usiku wa mwisho ulikuwaje.

Unganisha na hili. Kule Ungoni kulikuwa na mwanamke kiongozi, Mkomanile. Anatajwa kuwa ndiye aliyempokea mjumbe wa maji, Omari Kinjala, na kupitia kwake dawa ikafika kwa wakubwa wa Wangoni. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga watu pale Songea. Walikuwa 67. Mwanamke alikuwa mmoja, Mkomanile. Ukifika Songea, makumbusho yapo, nenda katoe heshima.

Mnajua ilivyoisha. Risasi hazikugeuka maji. Wajerumani wakachoma mashamba na maghala, njaa ikamalizia kazi. Wao wenyewe walikadiria waliokufa kuwa 75,000 hivi. Wanahistoria wa baadaye, akiwemo Mtanzania Gilbert Gwassa aliyezunguka kuwahoji wazee, wakasema inaweza kufika 250,000 mpaka 300,000.

Kwa hiyo mtu wa kusini akisikia "wakala wa siri mwenye nguvu za ajabu", kwake hiyo ni habari ya babu wa babu yake.

HATA MARECANI WALIJARIBU, TENA KWA HELA NYINGI

Kabla hujasema wazee wetu walikuwa washamba, ngoja nikupe hii. Kuanzia miaka ya 1970 Marekani, ile ile yenye ndege za kivita na kompyuta, ililipa watu wakae chumbani, watulize akili, na "waone" kambi za Warusi zilizo maelfu ya kilomita mbali. Mradi ulipita kwenye majina mengi, la mwisho likawa Stargate. Ulikula kama dola milioni 20. Mwaka 1995 ulifanyiwa tathmini, ikaonekana hakuna operesheni ya ujasusi iliyofaidika nao, ukafungwa.

Sasa pima. Wamarekani walipokosea, walifunga ofisi na kuandika ripoti. Wazee wetu walipokosea, walizika watoto. Ndiyo maana wao wanaweza kuliandika jambo hili kama burudani tupu, na sisi mkono unasita.

HARUSI YA TUNDURU

Baada ya Majimaji, kusini tulipata majasusi wengine. Hawa hawakuwa na dawa.

FRELIMO ilianzishwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962. Septemba 25, 1964 risasi za kwanza zikalia Chai, Cabo Delgado, ng'ambo ya mto wetu. Kuanzia hapo kusini yote ikawa mlango wa nyuma wa vita. Kambi ya Nachingwea inafundisha wapiganaji, hapa Mtwara kuna hospitali ya FRELIMO iliyopewa jina la Dk Américo Boavida, majeruhi wanavushwa Ruvuma usiku. Wareno nao walikuwa na polisi wao wa siri, PIDE, na kila mgeni ilibidi ajieleze yeye ni nani.

Dar nako hakukuwa salama. Tarehe 3 Februari 1969 kiongozi wa FRELIMO, Eduardo Mondlane, alifungua kifurushi cha kitabu kilichokuja kwa posta. Kilikuwa bomu. Ukilisoma hilo kwenye riwaya ya Musiba utasema mwandishi kazidisha chumvi.

Katikati ya hayo yote kulikuwa na msichana anaitwa Josina Muthemba. Mwaka 1964 alitoroka Msumbiji akiwa na miaka 18, akakamatwa Victoria Falls, akarudishwa, akafungwa. Alipotoka akatoroka tena, akapita nchi baada ya nchi mpaka akafika Tanzania. Akapewa nafasi ya kwenda kusoma Uswisi. Akaikataa. Akajiunga na kikosi cha wanawake, kile kilichoanzishwa 1967, cha kubeba silaha, kulinda vijiji na kuhamasisha watu kwa miguu kwenye misitu ya Cabo Delgado na Niassa.

Huko ndo akawa na kamanda wa jeshi, Samora Machel. Mei 1969, miezi mitatu tu baada ya bomu la Dar, wakafunga ndoa Tunduru, kwenye kituo cha FRELIMO. Tunduru hii hii unayopita na basi. Mwaka huo huo wakapata mtoto wa kiume. Tarehe 7 Aprili 1971 Josina akafariki Dar es Salaam kwa ugonjwa, umri miaka 25. Msumbiji wameifanya siku hiyo kuwa sikukuu ya wanawake wao mpaka leo.

Mimi nina umri huo huo wa Josina sasa hivi. Nimekaa na hilo kwa siku kadhaa.

Ningekuwa naandika simulizi ya Ijumaa, ningempa Josina uwezo wa kutoonekana. Lakini ukiangalia vizuri, alishatoonekana. Alipita mipaka mitano bila jeshi la mkoloni kumpata mara ya pili. Alifanya hivyo kwa kunyamaza, kutembea, na kuamini watu sahihi. Nadhani hapo ndo akina Musiba walipopata Willy wao. Kuanzia 1963 Kamati ya Ukombozi ya Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam. Waandishi waliwaona wapigania uhuru kwenye baa na vituo vya basi, wanajua hawa watu wanakufa kweli. Ukimpa Willy Gamba hirizi ya kuzuia risasi, umewaambia nini wale wasio nayo? Na wasomaji wa kusini, ambao bibi zao walishaona maji yameshindwa, wangeicheka au wangelia?

SIMBA WA KUTENGENEZWA

Sasa narudi kwenye kosa langu, kwa sababu wale simba sikuwabuni.

Ng'ambo ya Ruvuma, kwenye uwanda wa Mueda, ndugu zetu Wamakonde wanaongelea simba watu, vantumi va vanu. Mtafiti Harry West alikaa nao, akaandika kitabu kizima mwaka 2005 kinaitwa Kupilikula kuhusu jinsi watu wa huko wanavyoelewa madaraka na uchawi kwa pamoja. Kuna simba wa porini, kuna simba anayetengenezwa na mtu, na kuna mtu anayekuwa simba. Huku kwetu upande wa Lindi na Mtwara pia masimulizi hayo si mageni, na simba wa kweli wameshaua watu wa kweli, hasa wakulima wanaolala mashambani kulinda mazao.

Mwaka 2002 na 2003, wilaya ya Muidumbe, jirani na Mueda, simba waliua makumi ya watu. Hofu ikapanda. Swali likageuka kutoka "simba yuko wapi" likawa "nani anawatuma". Kilichofuata, watu wakauawa na majirani zao, kwa tuhuma tu kwamba ndo wanaotengeneza simba. Soma tena. Simba aliua, halafu mnong'ono ukaua.

Nilipolijua hilo, niliweka simu chini. Maana na mimi nilikuwa nimeandika bibi, mguu, mihogo, simba. Na wadau watatu wakamaliza kazi iliyobaki.

Hapo ndo niliielewa ile rafu ya pili, ya majini. Siyo kwamba Watanzania hatuwezi kuandika mambo ya ajabu, tunayo mengi sana. Mchongaji Samaki Likankoa, Mmakonde, miaka ya 1950 alianzisha vile vinyago vya mashetani vyenye jicho moja na mdomo umepinda, leo vipo kwenye majumba ya watalii dunia nzima. Miaka ya 2000 filamu zetu zikatuletea Shumileta ya Mussa Banzi, jini wa kike na mapenzi na binadamu, watu wakajaa kwenye mabanda ya video. Lakini angalia: kinyago ni shetani, hana kitambulisho cha mpiga kura. Shumileta ametoka ujinini, hauzi mihogo. Hakuna mtu anayeweza kusema "huyo tunamjua, anakaa nyuma ya soko".

Waliotuletea majini waliwatoa mbali. Waliotuletea mtaa, kama Bwana Msa, waliuacha uchawi ushindwe na maswali. Anayechanganya vyote viwili, jirani na uchawi, kwenye ukurasa mmoja, yeye anacheza na kitu ambacho Waingereza walishakitungia sheria mwaka 1928, Sheria ya Uchawi, na bado tunayo. Uzungu na Ulaya wana uhuru wa kumfanya jirani awe mbwa mwitu, kwa sababu kesho yake hakuna anayeenda kumchomea nyumba. Zamani walikuwa wanachoma, waliacha. Sisi bado hatujaacha vizuri.

UWEZO WA AJABU KULIKO WOTE

Kwenye hii stori yote nimetafuta ni uwezo gani wa ajabu uliofanya kazi kweli. Maji hayakuzuia risasi. Wale wa Stargate hawakuona kitu cha maana. Kilichofanya kazi kila mara ni mnong'ono. Njwiywila iliunganisha makabila ambayo yalikuwa hayaelewani, mbele ya pua ya Mjerumani. Mnong'ono huo huo ulimvusha Josina mipaka. Na ni mnong'ono uliomaliza watu Muidumbe.

Na sisi humu, wadau wangu, biashara yetu ni nini? "Mtu fulani." "Nasikia." "Usimwambie mtu." Nimekuwa nikidhani kutotaja jina ni kumlinda mtu. Wakati mwingine ni kinyume. Ukitaja jina, mtu anaweza kuja kukukana mbele za watu. Usipotaja, kila mmoja anamtafuta wake, na anayepatikana huwa ni yule asiye na mtu wa kumtetea. Msanii fulani ana mwanasheria. Bibi wa mihogo ana kigoda.

Nilienda kwake. Nilikaa siku tatu najipanga. Nikamwambia, "Shikamoo bibi, nimekuja kuomba radhi." Akaitikia, akaniuliza kosa. Nikamweleza, simu mkononi, nikamsomea na kile kipande. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Mjukuu wangu, mimi mguu huu niliumia nikiwa msichana, nimedondoka kwenye mkorosho. Hilo ungeniuliza ningekwambia." Akaniuzia mihogo ya elfu moja. Kurudisha chenji akakataa, akasema hiyo ni ya usumbufu, na nikaona ni haki yake kabisa.

Wateja wamerudi. Siyo wote. Kuna mama mmoja bado anapita mbali, namwona, na najua ni mimi.

Kwa hiyo simulizi ya yule dada wa Msimbati inaendelea Ijumaa hii. Mikono yake bado inasikia bahari. Kijana wa Msumbiji bado anamsahaulisha, na kuna siku atakataa kumgusa bega, msiniulize ni lini. Adui nimembadilisha. Sasa ni mtu mwenye ofisi, gari, na walinzi, anayelipa watu waeneze uvumi kijijini ili wenye mashamba ya pwani waogope na kuhama. Hana mguu wa mtu ninayemjua. Nimembuni mwenyewe mwanzo mwisho, na kusema kweli ni kazi ngumu, sasa ndo namheshimu zaidi marehemu Musiba.

Haya, uwanja wenu. Nyumbani kwenu walisimulia nini kuhusu Majimaji, au miaka ya wapigania uhuru? Nani ana babu aliyevusha watu Ruvuma usiku? Ungempa jasusi wa kusini uwezo gani? Dondosha hapo chini, nazisoma zote. Ombi moja tu: jina la mtu aliye hai usiandike, na dokezo lake pia usiandike. Ukiandika nafuta, hata kama inachekesha.

Tukutane Ijumaa. Na ukipita kwa bibi, nunua mihogo.